Kisu cha mama mkwe na ua lililovaa kitenge

*Barua ya msomaji*

Jambo sana Mshauri,

Jina langu naomba lisitajwe. Bukavu ni mji mdogo kuliko watu wanavyodhani, na wifi yangu anasoma kila kitu.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 43 na watoto wanne. Tunakaa Muhumba, nyumbani kwa mama mkwe wangu ambaye ana miaka 79. Nyuma ya nyumba, pale kiwanja kinapoanza kuteremka kuelekea ziwani, kuna kibanda cha nyavu chini ya mwavokado, na ndani yake okidi 64. Nilizihesabu juzi usiku kwa tochi ya simu, kama mtu anayehesabu madeni.

Ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Alipewa na mtawa mmoja wa Kibelgiji mwaka 1971 alipomaliza masomo ya ushonaji. Ni simbidiumu, ile yenye majani marefu membamba kama mchaichai na maua ya waridi yanayopangana kwenye kikonyo kimoja. Simbidiumu zote tulizo nazo leo ni watoto na wajukuu wa mmea ule. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mvua zinapokaribia, mama anautoa kwenye chungu, anautenganisha kwa kisu na kupanda vipande katika mawe ya volkeno ambayo mume wangu huyaleta kutoka Goma. Mawe ya zamani hayatupwi. Yanaoshwa na kurudishwa.

Hicho kisu nikieleze kidogo. Kimelika hadi kimekuwa chembamba kama jani, na mpini wake umefungwa kwa raba ya ndani ya tairi la baiskeli. Mama haruhusu mtu akikatie nyanya. Akimaliza mmea mmoja anakifuta kwenye kitenge alichovaa, anaingia mwingine.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niliona majani machanga ya simbidiumu tatu yana michirizi hafifu iliyokatikakatika, kana kwamba mtu amepitisha kifutio juu ya rangi ya kijani. Ukiliinua jani kwenye mwanga ndipo unaiona vizuri. Majani ya zamani ya mimea hiyohiyo yana alama nyeusi. Mwezi wa saba falenopsisi mbili, okidi za aina nyingine zenye majani mapana, nazo zikatoka mabaka yaliyobonyea. Kijana anayetusaidia bustanini akatazama, akasema, "Choma zote, mama." Usiku nikaingia kwenye simu. Nikasoma kwamba ni virusi, havina dawa, na vinaenea kwa utomvu unaobaki kwenye kisu.

Mshauri, nilikaa kitandani nikijiona mjinga. Kazini nikitumia bisturi moja kwa wagonjwa wawili nitafukuzwa siku hiyohiyo. Nyumbani nimemshikia mama mkwe vyungu kwa miaka 14 akikata mimea yote kwa kisu kimoja, na haikunijia hata mara moja. Sasa nakifuta kisu hicho kwa spiriti akiwa amelala.

Najua ugonjwa umetoka wapi. Miaka miwili iliyopita rafiki yangu alirudi kutoka Kigali na falenopsisi nyeupe, akanipa zawadi. Tangu nilipogundua haya, simu zake sizipokei.

Kuna wifi yangu pia. Ana vyungu zaidi ya 20 huko kwake Nyawera, vyote vimetoka kwa mama. Anapamba harusi, anauza maua ya kukata, na chungu chenye mmea anakitoa kwa dola 15. Ndiyo ada ya shule ya watoto wake. Tulishawahi kugombana kuhusu nyumba hii tunayokaa. Nikimwambia mimea yake ina ugonjwa, atasema nataka kumwua kibiashara. Nisipomwambia, anauza ugonjwa mji mzima.

Mama mwenyewe hajui kitu. Kila asubuhi baada ya chai anashuka na fimbo yake, anagusa ua moja moja. Ule mmea wa mtawa ukichanua anawaita wajukuu: "Njooni muone, limevaa kitenge!" Kwa sababu maua yake yana michirizi myeupe juu ya waridi. Anasema zamani lilikuwa la rangi moja, likajipamba lenyewe mwaka aliozaliwa mume wangu, 1978, na yeye alilichukua kuwa baraka.

Mume wangu anasema ni maua tu. Kijana wangu wa miaka 17 alisema, "Mama, tuzing'oe usiku, tuseme wezi." Tulicheka. Halafu sikulala, kwa sababu nilijikuta napanga ni usiku upi. Na niseme ukweli wote: wakati mwingine nikimaliza zamu ya usiku, nikafika na kuanza kumwagilia vyungu 64 kabla ya kuvua hata viatu, natamani viishe vyote siku moja.

Nakutumia picha nne. Nichome, ninyamaze, au niseme?

Mkwe wa Muhumba

*Mshauri anajibu*

Jambo, Mkwe wa Muhumba, na pole kwa usiku huo wa tochi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Unauliza uchome, unyamaze au useme, lakini kabla ya hayo matatu kuna swali ulilolijibu peke yako kitandani, saa za usiku: je, ni virusi kweli? Ulitoka kwenye jani lenye michirizi ukafika kwenye kiberiti bila kusimama popote njiani. Mgonjwa akija kwako ana homa na maumivu ya viungo, humwandikii dawa ya malaria kwa kumtazama usoni. Unamtoboa kidole, unafanya TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, unangoja.

Nianze na picha. Zile falenopsisi mbili zenye mabaka yaliyobonyea, mimi nisingezihukumu haraka. Mabaka yako upande wa juu wa jani, pale maji yanapotuama, na yalitokea mwezi wa saba. Mnamwagilia kwa maji gani asubuhi? Kama ni ya tanki lililolala nje usiku wa kiangazi cha Bukavu, ubaridi wake peke yake unaweza kuua chembe za ndani ya jani la falenopsisi na kuacha shimo kama hilo. Geuza pia majani uangalie chini kwa lenzi, maana utitiri nao huacha alama zinazowadanganya watu. Weusi kwenye majani ya zamani unaweza kuwa fangasi, chumvi ya mbolea au uzee tu.

Ile michirizi kwenye majani machanga ya simbidiumu ni habari nyingine. Hiyo inanipa wasiwasi kama inavyokupa wewe. Virusi viwili ndivyo vinavyosumbua wakuzaji wa okidi karibu kila mahali duniani: vya mozaiki ya simbidiumu, na vile vya madoaduara vilivyopewa jina la okidi ya odontoglosamu. Hivi vya pili ni ndugu wa virusi vya mozaiki ya tumbaku, ambavyo Mholanzi Beijerinck alivifanyia kazi mwaka 1898 na ndivyo vilivyoanza kuitwa virusi. Kimoja au vyote viwili vinaweza kuishi ndani ya mmea miaka mingi bila kuonyesha kitu. Mmea unakua, unachanua, unasifiwa. Kwa hiyo kati ya zile 64, unayoiona nzuri kuliko zote inaweza kuwa nayo, na yenye jani baya inaweza kuwa haina. Macho hayatoshi, hata ya muuguzi.

Kipimo kipo, na wewe utakizoea kwa dakika moja. Ni ukanda mwembamba kama wa TDR. Unaponda kipande cha jani kwenye mfuko wenye maji yake maalumu, unachovya ukanda, unangoja mistari: mmoja wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, mingine ya virusi, kila kimoja na wake. Hapa kwetu utalazimika kuagiza kwa mtu anayesafiri, na kila ukanda ni dola kadhaa, kwa hiyo huwezi kupima zote. Huna haja. Mimi ningeanza na mmea wa mtawa wenyewe, kisha simbidiumu mbili zenye michirizi, falenopsisi moja yenye mabaka, ile ya Kigali, na moja kutoka kwa wifi yako kama atakubali. Sita. Ukumbuke pia unalolijua kazini: jibu la "hakuna" si kiapo. Virusi havisambai sawasawa ndani ya mmea, na kama ni vichache ukanda hauvioni. Mmea wenye dalili ukijibu "hakuna", rudia baada ya miezi kadhaa kwa jani jingine.

Sasa niruhusu nikuguse penye maumivu kidogo. Umeandika, "Najua ugonjwa umetoka wapi." Kisha, mistari michache chini yake, umeniandikia jambo lililonifanya niweke penseli mezani. Ua la mama mkwe lilikuwa la rangi moja hadi 1978, halafu likavaa kitenge.

Simbidiumu zenye mistari ya asili zipo, na mistari yake imepangwa: ua hili na lile vinafanana, petali ya kushoto na ya kulia zinafanana. Rangi iliyovunjwa na virusi haina mpango. Kila ua lina ramani yake. Katika picha yako ya nne naona maua matatu kwenye kikonyo kimoja, na hayafanani. Nasema huenda, nasisitiza huenda. Lakini ua lililobadilika lenyewe baada ya miaka saba lilibadilishwa na kitu, na mwaka 1978 rafiki yako alikuwa hajatia mguu Kigali.

Waholanzi liliwapata jambo kama hili. Katika miaka ya 1630 walipagawa na tulipu zenye michirizi, wakazinunua kwa bei za ajabu mpaka soko likaanguka mwezi wa pili wa 1637. Ilichukua karibu miaka 300 kufahamu kwamba michirizi ile ilikuwa kazi ya virusi. Kwa tulipu mbebaji ni vidukari, kwa okidi zako ni mkono wa mtu, lakini kosa la jicho ni lilelile. Mama yako hakuwa wa kwanza kuona ugonjwa na kuuita baraka, na mimi sina hakika kwamba alikosea kabisa. Ua limempendeza miaka 47.

Kwa hiyo rafiki yako. Inawezekana zawadi yake ililetwa ikiwa na virusi ndani, kwa sababu mimea ya dukani huzalishwa kwa wingi na baadhi huvichukua hukohuko. Inawezekana vilevile kwamba ilikuja safi ikaambukizwa kwenu, na kisu chenu. Umemhukumu mtu ambaye pengine ndiye anayekudai. Ukipima ile ya Kigali utapata fununu, ingawa si jibu kamili. Lakini kupokea simu yake hakuhitaji ukanda wowote.

Kuhusu kisu: spiriti unayoitumia kwa siri, acha. Imezoeleka wodini, lakini virusi vya ukoo wa tumbaku ni vigumu, vinaivumilia. Vinavyofanya kazi ni moto, yaani chuma juu ya makaa ya babula mpaka kiwe chekundu, au maji ya javeli, yale ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, yaliyochanganywa siku ileile, baada ya kukisugua kisu kwa sabuni mpaka utomvu wote utoke, maana uchafu unaimaliza javeli nguvu. Kisu cha mama hakitavumilia moto. Makali yatalegea na ile raba ya baiskeli itaungua, na raba yenyewe imeshika utomvu wa miaka mingapi? Njia nyepesi ni nyembe. Wembe mpya kwa kila mmea, ukishatumika unatupwa. Glavu unazijua. Gazeti jipya mezani kwa kila chungu. Na yale mawe ya Goma: kuosha kwa maji hakutoshi, vipande vya mizizi hubaki kwenye matundu yake. Ama myaloweke kwenye javeli, ama mume wako alete mengine, yeye anayesema ni maua tu.

Haya yote unaweza kuyaanza kesho, kabla ya kipimo chochote, na hayamuumizi mtu. Ndiyo maana nimeyaweka mbele ya suala la kuchoma.

Tuseme basi vipimo vimerudi, na mmea wa mtawa unavyo. Dawa hakuna, hapo ulisoma vizuri. Wako wanaochoma kila chenye virusi siku hiyohiyo, na wana hoja: kila siku chungu kinapokaa kibandani ni siku ambayo mtu anaweza kusahau na kukata kwa kifaa kile kile. Lakini ukichoma kwa dalili tu utachoma vizima na kuacha vyenye ugonjwa. Wako wanaotenga: mimea yenye virusi upande mmoja, mbali, isiguse mingine, maji yake yasichuruzike kwenye vyungu vya chini, inamwagiliwa mwisho, inakatwa mwisho. Inaendelea kuchanua. Hatari ya njia hii ni nidhamu, na nidhamu itakuwa yako wewe unayerudi kutoka zamu ya usiku. Pia kuna mama mwenye fimbo anayepita akigusa ua moja moja. Kugusa ua zima si tatizo kubwa, lakini akichuma lililonyauka kwa kucha na kuhamia kwa jirani yake, kucha nayo ni kisu.

Njia ya tatu naitaja kwa sababu inahusu simbidiumu hasa. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alionyesha kwamba ukikata kile kichomozi kidogo kabisa cha simbidiumu yenye virusi, punje ambayo virusi havijaifikia, na kuikuza kwenye chupa maabara, unaweza kupata mmea uleule ukiwa safi. Si nyanyake wala binamu yake: uleule. Hufaulu mara nyingine na mara nyingine hushindikana, na inahitaji maabara yenye mtu anayeifahamu kazi hiyo. Sikuahidi kwamba utaipata karibu. Tena fikiria jambo moja la ajabu: kama michirizi ni ya virusi, basi mmea uliotakaswa utachanua waridi tupu. Kitenge kitavuliwa. Hilo nalo mama aulizwe.

Na hapo ndipo ninapokwama na barua yako. Kila mahali umeandika "nichome". Mimea hii ni ya nani?

Umenieleza mwenyewe kwamba ya kwanza alipewa yeye, vipande amevikata yeye, na kibanda kiko kwenye kiwanja chake. Wodini kwako humpasui mgonjwa amelala bila kumweleza, hata ukijua kwamba ni kwa faida yake. Unaogopa kumvunja moyo kwa kumwambia kwamba mkono wake ndio ulioeneza ugonjwa. Naielewa hofu hiyo. Lakini mama wa miaka 79 aliyeishi Kivu hii amekwisha kusikia habari ya namna hii, na hakufa. Muulize kuhusu mnyauko wa migomba, ule ulioingia Masisi mwaka 2001 ukashuka hadi kwetu. Kama ana ndugu Kabare au Walungu, anaijua migomba iliyotoa usaha wa njano na ndizi zilizoiva kabla ya wakati. Wakulima walifundishwa kwamba panga ndilo linalobeba, wakaanza kulipitisha kwenye moto au kulitia javeli, na kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Hakuna aliyemwita baba yake mwuaji wa migomba. Walibadilisha panga. Mnyauko ule ni bakteria, wala si virusi, na kwa migomba ilionekana baadaye kwamba kukata shina linaloumwa tu, tena na tena, kunaweza kuokoa shina zingine. Kwa okidi haiko hivyo, virusi vikishaingia huenea karibu mmea mzima. Lakini lugha ya kumwambia mama unayo tayari, ni ya panga na mgomba, na yeye ataielewa haraka kuliko mimi.

Anaweza kulia. Anaweza kukasirika na kusema maua yake hayana ugonjwa wowote, acha maneno ya simu. Anaweza pia kukwambia, "Zile zingine chomeni, huu wa mtawa niachieni mpaka nife," na mkautenga kwenye kona yake, karibu na kiti chake, ambako hakuna kitu kingine cha kuambukiza. Sijui atasema lipi. Wezi wa usiku lakini, hapana, hapo siwezi kukaa kimya: atatafuta wezi hao mpaka mwisho wa maisha yake, na kijana wako wa miaka 17 ndiye atakayekuwa amebeba siri pamoja nawe.

Kwa wifi ni pagumu zaidi, na sababu si mimea. Ukimwambia leo, kabla ya kipimo, una tuhuma tu mkononi, na ile habari ya nyumba itaingia mlangoni kabla yako. Ukingoja jibu, miezi itapita, atakuuliza, "Ulijua tangu lini?" Kila upande una gharama yake. Kati ya hizo mbili kuna maneno madogo unayoweza kumwambia hata wiki hii bila kumshtaki mtu: kwamba umeona dalili kwenye mimea *yenu*, umeagiza vipimo, utampa kimoja, na kwamba mpaka vije ninyi nyumbani mmesimamisha kugawa vyungu na mnatumia wembe mpya kwa kila mmea. Asikie kwamba umejianzia wewe.

Umtofautishie biashara yake pia, maana hali si mbaya kama ulivyoiandika. Ua la kukata linalokwenda kwenye meza ya harusi halimdhuru mtu, virusi hivi haviwapati watu, na asubuhi ua limetupwa. Panapotisha ni mkasi unaokata vikonyo 20 mfululizo siku ya Ijumaa, na vile vyungu vya dola 15 vinavyokwenda kwa watu wenye okidi nyingine. Anaweza kuendelea na harusi zake hata jibu likiwa baya. Vyungu ndivyo vya kujadili.

Nimeacha mwisho kile ulichosema kwa sauti ndogo, kwamba unatamani viishe vyote siku moja. Sikulaumu hata kidogo. Vyungu 64 kabla ya kuvua viatu! Ila naomba ujiulize, ukiwa umelala vizuri, kama ni virusi vinavyotaka moto au ni uchovu wako. Kama jibu ni la pili, au hata nusu ya pili, basi una haki ya kulisema kwa jina lake: kwamba mimea imekuwa mingi, kwamba mume wako ana mikono miwili, kwamba kijana mwenye nguvu za kung'oa vyungu usiku ana nguvu za kumwagilia mchana. Inawezekana mkabaki na 20. Inawezekana mama mwenyewe anazihesabu kimoyomoyo na kuona zimekuzidi, akasita kusema.

Vipimo vikifika, usivifanyie jikoni usiku. Mngoje mama amalize chai, shuka naye hadi kibandani, mwache yeye achague jani la mmea wa mtawa. Mistari huchukua dakika chache kutokea, na dakika hizo muulize ua lilikuwaje kabla ya 1978. Jani lichaguliwe changa, lisilo na vumbi. Kipande kisizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na wembe uwe mpya.